Konea imechongoka na miwani imegoma: lenzi za sklera zitanisaidia?

"Shikamoo daktari. Mi ni fundi cherehani hapa Mafinga, nina miaka 24. Tangu niko form three macho yalikuwa yananiwasha sana hasa kipindi cha vumbi, nilikuwa nayafikicha mpaka nasikia raha. Miaka miwili hii nimebadilisha miwani mara tatu, kila mara naona vizuri wiki chache alafu hali inarudi kulekule. Jicho la kulia ndo baya zaidi, herufi naziona zimepandiana, na usiku taa za malori yanayoenda Tunduma zinatoa mikia. Mwezi uliopita nilienda Mbeya nikapimwa na mashine, nikaambiwa konea imechongoka, ugonjwa unaitwa keratokonasi, na kwamba kuna lenzi kubwa za kutengenezewa zinaitwa za sklera. Nyumbani wanasema ni simu, jirani anasema lenzi inaweza kuzama nyuma ya jicho, mwingine kaniambia niweke asali. Naogopa kuwa kipofu. Hizo lenzi zinaponya? Niuze cherehani moja ninunue? Na mdogo wangu wa miaka 14 naye anafikicha macho kila saa, na yeye atapata?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Umeuliza mengi kwa mpigo na yote ya msingi, ntayafikia yote ila sio kwa mpangilio wako, maana kuna moja inabidi litangulie kabla hujamwita mtu aje kuangalia bei ya hiyo cherehani.

Kwanza hofu ya upofu. Keratokonasi inaharibu uoni, na ikiachwa inaweza kuuharibu vibaya mpaka mtu ashindwe kazi, lakini sio ugonjwa wa kukuingiza kwenye giza totoro. Tatizo liko mbele kabisa ya jicho, kwenye konea, ile sehemu angavu inayofunika mboni. Retina huko nyuma, yani sehemu inayopokea picha, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo havijaguswa na ugonjwa huu. Yani jicho lako bado lina uwezo wa kuona, ila picha inaingia ikiwa imeshavurugika mlangoni. Ndo maana mara nyingi tukirekebisha pale mbele mtu anasoma mistari ambayo alishaikatia tamaa.

Unaweza kujipima kidogo ukiwa hapohapo dukani. Chukua karatasi ngumu, toboa tundu moja dogo kwa sindano ya mashine, funika jicho la kushoto, alafu kwa jicho la kulia chungulia kwenye hilo tundu uangalie kalenda ya ukutani au maandishi ya duka la ng'ambo ya barabara. Kama herufi zinatulia na kile kivuli chake cha pili kinapungua, hiyo ni dalili nzuri kwamba sehemu kubwa ya tatizo ni jinsi mwanga unavyopindishwa, na hilo lenzi inaliweza. Kama hakuna kinachobadilika huenda kuna kovu au kitu kingine, mwambie daktari hivyohivyo. Tundu sio kipimo kamili, na sisi kliniki tunalo la kwetu, ila litakupa picha.

Sasa ya nyumbani. Simu haikuleta hii kitu. Simu inachosha macho na inakausha kwa sababu mtu akikodolea skrini hapepesi, na jicho kavu linawasha, mwisho wa siku unafikicha, ila mwanga wa simu hauchongoi konea. Lenzi haiwezi kuzama nyuma ya jicho, ile ngozi laini ya ndani ya kope inajikunja na kuungana na weupe wa jicho pande zote, hapo pameziba, hakuna njia. Na asali tafadhali usiweke, wala maji ya majani, wala maziwa ya mama. Konea yako tayari ni nyembamba, ukiiwekea vijidudu vikapata mahali pa kuingilia unaweza kupata kidonda, na kidonda kikipona kinaacha kovu jeupe katikati ambalo lenzi hata iwe nzuri vipi haitaliondoa.

Kilichonigusa zaidi kwenye maelezo yako ni pale uliposema unafikicha mpaka unasikia raha. Konea imejengwa kwa nyuzi za kolajeni zilizopangwa tabaka kwa tabaka, na kwa mtu wa kawaida katikati ina unene wa kama maikroni 540, yani nusu milimita na kidogo. Kwa mwenye keratokonasi zile nyuzi zimelegea, wengine wana asili ya kuwa nazo dhaifu kwenye ukoo, alafu kila unapofikicha unaziminya na kuzichokoza, jicho linatoa kemikali zinazozidi kuzidhoofisha, konea inazidi kuwa nyembamba na msukumo wa ndani ya jicho unaisukuma nje mpaka inachongoka. Huku kwetu Mafinga, Njombe, Makambako, Mbeya, kiangazi upepo unakausha, vumbi la barabarani lipo, huko kwenu kuna na unga wa mbao, watoto wengi wana aleji ya macho na hakuna anayewaambia wasifikiche. Kwahiyo dawa ya kwanza kabisa, na haina bei, ni mkono wako usiguse jicho. Ukiwashwa loweka kitambaa safi kwenye maji ya baridi, weka juu ya kope ukiwa umefumba, tulia dakika chache. Kama bado, omba daktari akupe matone ya aleji, yapo kama olopatadini, yanafanya kazi vizuri. Angalia pia unavyolala, wengi wanalala kifudifudi mkono au mto umekandamiza jicho, na mara nyingi ni upande uleule wenye jicho baya.

Hapohapo niseme kitu ambacho nakiona sana na kinaniumiza. Usinunue dukani matone yenye steroidi, mara nyingi kwenye kichupa imeandikwa deksamethasoni. Yanaondoa muwasho kwa siku moja kweli, ndo maana watu wanayapenda, ila ukiyatumia miezi bila kuangaliwa yanapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Presha ya jicho ikiua ule mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, uoni uliopotea haurudi. Hiyo ndo njia ambayo kijana mwenye keratokonasi anaweza kweli kuishia kipofu, na sio kwa ugonjwa wenyewe ila kwa kichupa.

Sasa lile la kutangulia. Kuna maswali mawili hapa na watu wanayachanganya. La kwanza, nitaonaje vizuri? La pili, ugonjwa umesimama au bado unatembea? Lenzi ya sklera (sklera ndo weupe wa jicho, hapo ndo lenzi inapokaa) inajibu la kwanza tu. Haiponyi, na haizuii konea kuendelea kuchongoka, ukiivua jioni jicho ni lilelile. Ukiuza cherehani leo ukatengenezewa lenzi nzuri kwa umbo la leo, na konea bado inatembea, baada ya muda umbo limebadilika, lenzi haikai tena sawasawa na hela imeenda. Kubadilisha miwani mara tatu ndani ya miaka miwili kunanifanya niamini kwamba yako bado inatembea, na umri wako unaruhusu, huu ugonjwa kwa kawaida unaanza ujanani na kupunguza kasi mtu akielekea miaka 30 na kitu hadi 40.

Kwahiyo ukirudi Mbeya usiombe lenzi kwanza. Omba nakala ya ile ramani ya konea uliyopigwa, ile picha yenye rangi nyekundu na bluu, itunze vizuri, na urudie kipimo hichohicho baada ya miezi mitatu mpaka sita, ikiwezekana kwa mashine ileile maana mashine tofauti zinatofautiana namba. Wanaangalia sehemu iliyochongoka zaidi imepanda kiasi gani na unene umepungua kiasi gani, ikipanda dayopta moja (kipimo cha nguvu ya mpindo) au zaidi ndani ya mwaka wengi tunahesabu kwamba ugonjwa unaendelea.

Ikiwa unaendelea, kuna tiba ya kuusimamisha inaitwa kroslinkingi. Kwa njia ya kawaida wanakwangua ngozi ya juu ya konea, wanadondoshea vitamini B2 kwa kama nusu saa mpaka izame, alafu wanamulika mwanga wa urujuanimno, nao kwa ule utaratibu wa zamani ni nusu saa nyingine. Mchanganyiko ule unafunganisha zile nyuzi zilizolegea, konea inakakamaa. Siku chache za mwanzo zinauma na machozi yanatoka sana, sikufichi, na wiki za kwanza unaweza kuona vibaya kuliko ulivyoingia. Lengo lake ni kusimamisha, ukipata na nafuu kidogo ya kuona ni nyongeza. Ila ina masharti, mojawapo ni unene, kwa utaratibu wa kawaida wanataka konea isiwe chini ya maikroni 400, ikishashuka chini ya hapo mambo yanakuwa magumu, ndo maana kukaa ukisubiri mwaka mzima sio busara. Na haifanywi kwa mjamzito. Nakutajia kwa sababu una umri wa kuzaa, na ujauzito wenyewe kwa baadhi ya wanawake unaharakisha konea kuchongoka, kama una mpango wa mtoto karibuni mwambie daktari mapema.

Baada ya hapo ndo tuje kwenye lenzi, na mimi binafsi nazipenda hizi lenzi, nimeona zinarudisha watu kazini.

Miwani imekugomea kwa sababu miwani inaweza kusahihisha mpindo ulio na mpangilio. Konea yako haina mpangilio, juu ina mpindo huu, chini ambapo ndo pamechongoka ina mpindo mwingine, mwanga unatawanyika pande zote, ndo hiyo mikia ya taa na herufi kupandiana. Lenzi ya sklera inafanya kitu kingine kabisa. Ni kubwa, upana wa milimita 15 hadi 20 hivi wakati konea ni kama 12, na ni ngumu ila inapitisha oksijeni. Inaruka konea yote bila kuigusa, inaenda kukaa kwenye weupe wa jicho ambako hakuna hisia kali. Katikati ya lenzi na konea kunabaki nafasi ndogo inayojazwa maji ya chumvi, na hayo maji yanapindisha mwanga karibu sawa na konea yenyewe, kwahiyo yale mabonde na kilima yanafunikwa, mwanga unakutana na uso mmoja laini wa mbele ya lenzi. Wazo lenyewe ni la zamani, miongoni mwa lenzi za kwanza za kuvaa machoni, mwaka 1888, zilikuwa za kioo na zilikaa hivyohivyo kwenye weupe, za daktari Fick kule Zürich na daktari Kalt kule Paris, Kalt alizijaribu kwa wagonjwa hawahawa wa keratokonasi. Tatizo konea ilikuwa inakosa hewa, mtu anavaa muda mfupi tu. Zikasubiri karibu miaka mia mpaka plastiki inayopitisha oksijeni ilipopatikana.

Kutengenezewa maana yake nini? We fundi utanielewa haraka, ni tofauti ya gauni la mtumba na gauni la kupimisha. Weupe wa jicho sio duara kamili, upande wa pua mara nyingi uko juu kuliko upande wa sikio, na kila jicho lina lake. Mtaalamu anakuvalisha lenzi ya majaribio yenye maji yaliyotiwa rangi ya fluoresini, anakuacha ukae kama nusu saa, anakumulika kwa mwanga mwembamba aone ule mstari wa kijani una unene gani. Mwanzo tunataka nafasi ya kama maikroni 300 hivi, kwa sababu lenzi inaendelea kushuka taratibu kuisogelea konea kadri saa zinavyokwenda. Ikigusa kilele cha konea inakwangua na kuacha kovu, ikiinuka mno konea inakosa oksijeni. Anaangalia na mishipa ya damu pembeni, ikiwa mieupe chini ya ukingo wa lenzi basi ukingo unabana. Kisha anaandika oda, na mara nyingi lenzi inatengenezwa nje ya nchi. Ikifika inavaliwa, inaangaliwa tena, na mara nyingi inarudishwa kurekebishwa mara moja au mbili. Hilo ni la kawaida, usidhani umetapeliwa. Ila akikuvalisha dakika tano akakwambia tayari nenda nyumbani, hapo uliza maswali. Mwombe akuangalie siku umeivaa kwa muda wa saa nne au zaidi.

Kuivaa mwanzo ni kazi, wengine wanalia siku ya kwanza. Unanawa mikono kwa sabuni, unaifuta ikauke kabisa kwa kitu kisichoacha nyuzi (na kwenye chumba cha ushonaji nyuzi ziko kila mahali, tafuta pengine pa kuvalia). Unaiweka lenzi juu ya kifyonzi, kile kidude cha mpira cha kushikia lenzi, unaijaza maji ya chumvi mpaka yafurike, unainama uso uangalie meza chini kabisa kidevu kifuani, unafungua kope zote mbili kwa vidole, unaipandisha moja kwa moja mpaka iguse jicho na maji yamwagike. Angalia kwenye kioo kama kuna povu la hewa. Kama lipo vua uanze upya, usilivumilie. Kuvua, lowesha kifyonzi kidogo, kibandike kwenye ukingo wa chini wa lenzi, kamwe sio katikati, alafu inua. Ikiwa imeng'ang'ania weka matone, bonyeza weupe wa jicho taratibu chini ya ukingo hewa iingie, itaachia.

Hayo maji ndo mahali watu wanakosea. Yawe maji ya chumvi asilimia 0.9 yasiyo na dawa ya kuhifadhia, maana yanakaa yamegusana na konea siku nzima. Vichupa vidogo vya plastiki vya dozi moja ni vizuri, ukifungua tumia, kinachobaki mwaga. Soma maandishi kabla hujalipa, kwa sababu duka la dawa kuna vichupa vinafanana kabisa na hivyo ila ndani ni maji matupu ya kuchanganyia sindano, hayo usiweke machoni. Na usitoboe chupa ya dripu ukaitumia wiki nzima, ikishatobolewa inaingia vijidudu. Maji ya bomba, ya kisima, ya kuchemsha, mate, vyote marufuku kwenye lenzi na kwenye kopo lake. Kwenye maji ya kawaida kuna kijidudu kinaitwa akantamiba, kikiingia kwenye konea matibabu ni ya miezi na maumivu yake mtu hasahau. Usiku vua, zilale kwenye dawa yake maalum. Usilale nazo hata usingizi wa mchana.

Mchana baada ya saa kadhaa unaweza kuona ukungu umejaa kama maziwa kidogo ndani ya lenzi. Inatokea kwa wengi, vua, suuza kwa dawa yake, jaza maji mapya, vaa tena. Ikitokea kila siku rudi, huenda ukingo hauko sawa.

Hela sasa. Ni ghali kwa kipato cha fundi, na gharama haiishii kwenye lenzi, kuna dawa ya kusafishia na maji kila siku, na lenzi yenyewe inabadilishwa baada ya mwaka mmoja hadi mitatu hivi ikitunzwa. Kwahiyo usiuze cherehani bado. Kama jicho la kushoto bado linaona vizuri na miwani, unaweza kuanza na lenzi moja ya kulia. Uliza pia lenzi ndogo ngumu, zile zinazokaa juu ya konea yenyewe, ni nafuu na kwa keratokonasi isiyo kali sana zinaonesha vizuri mno. Ubaya wake kwa Mafinga ni vumbi, chembe moja ya unga wa mbao ikiingia chini ya lenzi ndogo utasimama katikati ya barabara machozi yanamwagika. Ya sklera inakaa imetulia chini ya kope, vumbi halipati nafasi kirahisi, na kwa mtu anayeishi karibu na mashine za mbao mimi ningeipa uzito sababu hiyo. Kupandikiza konea ni kwa wachache, wenye kovu kubwa au lenzi zote zimeshindikana, na hata waliopandikizwa wengi bado wanavaa lenzi baadae, usikimbilie huko.

Mdogo wako mpeleke apimwe, sio lazima awe nayo ila uwezekano uko juu kidogo kwa sababu wewe unayo, na kwa umri wa miaka 14 ikiwepo inakimbia kuliko kwako. Kupatikana mapema ndo bahati yake, konea ikiwa bado nene tiba ya kusimamisha inawezekana kirahisi. Na aleji yake itibiwe kabisa, asiambiwe tu acha kufikicha wakati macho yanamuwaka.

Jicho likiwa jekundu linauma, haliwezi mwanga, linatoa usaha, au uoni umeshuka ghafla, vua lenzi na uende hospitali siku hiyohiyo, beba lenzi na kopo lake. Ukiamka konea imekuwa nyeupe kama wingu na inauma, hapo maji yameingia ndani ya konea baada ya tabaka la ndani kupasuka, nenda pia haraka. Mara nyingi linatulia kwa dawa baada ya wiki kadhaa hadi miezi michache, lakini lazima daktari bingwa aliangalie.

Kabla hujakata tiketi, iwe ni Rufaa ya Kanda Mbeya, Muhimbili au KCMC Moshi, piga simu kwanza, hizi huduma haziko kila siku wala kila kliniki. Uliza kama wanayo mashine ya ramani ya konea na inafanya kazi, kroslinkingi wanafanya wenyewe au wanakupa rufaa, anayepima lenzi za sklera yupo siku gani, bei inajumuisha marekebisho mangapi, ikivunjika inakuwaje, na kama bima yako inagusa chochote. Beba miwani zako zote za zamani pamoja na karatasi zake za vipimo, hizo ndo zitamwonesha daktari jicho limetembea kiasi gani hata kabla hajawasha mashine.